Fundo la Kanga Mgongoni mwa Farasi

Watu ninaofanya nao kazi wananijua kwa sauti kabla ya sura. Sijisifu, lakini ndivyo nilivyo. Nikimwona mtu anapita nyuma ya farasi bila kumsemesha, nampigia kelele hata akiwa mgeni rasmi. Siku moja alikuja bwana mmoja wa ofisi kubwa, suti imenyooka na viatu vinang'aa, akaenda kusimama nyuma kabisa ya makalio ya farasi wetu jike ili apigwe picha. Nilimvuta kwa koti mpaka akapepesuka. Baadaye wenzangu walinicheka wiki nzima, lakini yule bwana aliondoka na mbavu zake zote.

Kiwanja chetu kiko pembeni mwa mji wa Korogwe, nyuma ya ghala la zamani la mkonge. Eneo ni la bibi mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini. Mjukuu wake wa kike alizaliwa na mtindio wa ubongo, na katika kuhangaika huku na huko bibi akasikia kwamba watoto kama huyo hupandishwa farasi ili viungo vyao vilegee na migongo ipate nguvu. Wakati huo mimi nilikuwa msaidizi katika chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini. Alinifuata huko, akaniambia kwa Kiswahili chake kisichozunguka, "Dada, wewe huogopi watu. Utaogopa farasi?" Nikamwambia siogopi. Nilikuwa naogopa sana.

Nilipelekwa upande wa Arusha kujifunza, nikarudi nikifuatana na lori lenye farasi wawili wazee na wapole. Hapo ndipo nilipoanza kazi hii ambayo mpaka leo nikiieleza kwa ndugu zangu wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Nawaeleza hivi: farasi akitembea polepole, mgongo wake unamsukuma aliyekaa mbele na nyuma, kushoto na kulia, na kiuno cha mtoto kinajibu bila kuamrishwa. Mtoto ambaye hajawahi kutembea anapata kuonja mwendo wa kutembea. Haondoki pale anakimbia, hata kidogo. Lakini nimeona shingo zilizokuwa zinaanguka kifuani zikisimama, na nimeona mikono iliyokunjwa tangu kuzaliwa ikifunguka ili kushika nywele za farasi.

Hiyo ndiyo sehemu wanayoipenda wageni. Sehemu wasiyoiona huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijakaza. Unamkaribia farasi kutokea begani, unamsemesha, unampitishia mkono mwili mzima ukitafuta joto, uvimbe au kidonda. Unainua kwato moja moja na kuzisafisha kwa kijichuma, maana jiwe dogo kama punje ya hindi linaweza kumfanya achechemee na mtoto aliye juu akapoteza mizani. Unatazama chini ya tandiko kama kuna mahali panapokwaruza. Unakaza mkanda wa tumbo, unamtembeza, kisha unaukaza tena, kwa sababu farasi mjanja huvuta pumzi na kujaza tumbo wakati wa kukazwa. Masikio yakilala nyuma, mkia ukipiga bila kuwepo nzi, ngozi ikitetemeka, hapo anakwambia jambo, na siku hiyo hapandwi hata kama watoto kumi wanasubiri.

Mtunza farasi wetu ni mzee wa Kimasai kutoka upande wa Handeni, aliyekulia nyuma ya ng'ombe na punda. Mwanzoni tuligombana kila siku. Alikuwa na tabia ya kujizungushia kamba mkononi, kama wafanyavyo wachungaji wakimvuta mnyama mkaidi. Nilimwambia farasi akishtuka atamburuta mpaka mkono utoke. Ananiitikia, kesho yake anafanya vilevile. Siku nyingine akaniambia, "Mama, huyu farasi wako ni punda aliyesoma tu. Hana jipya." Nikamjibu kwamba basi yeye ni mchungaji asiyesoma, na amri ni amri. Alicheka, akaikunja kamba vizuri na kuishika katikati kama nilivyotaka. Tangu hapo ndiye mtu ninayemwamini kuliko wote pale kiwanjani.

Nilikuwa na amri nyingine nyingi. Kiongozi anatembea usawa wa bega la farasi, hatangulii mbele. Watembea kando ni wawili, mmoja kila upande, mkono juu ya paja la mtoto. Kofia ngumu haivuliwi mpaka miguu iguse chini. Wazazi wanakaa kwenye benchi nje ya uzio na hawapigi kelele, hawaingii, hawashiki kitu. Hii ya mwisho niliitunga mwenyewe, kwa kuwa siku za kwanza mama mmoja alimwona mwanawe ameinama kidogo, akapiga yowe, na farasi akaruka pembeni. Na juu ya zote ipo ile niliyofundishwa siku ya kwanza kabisa: mpandaji hafungwi kwenye farasi. Kamwe. Mtoto anayeanguka anaweza kudakwa, lakini aliyefungwa anakwenda popote mnyama anapokwenda, hata chini yake.

Nilikuwa naisema amri hiyo kila Jumatatu mbele ya wasaidizi wangu. Naweza kuisema hata nikiwa nimelala.

Mama mmoja wa Kwaluguru, kijiji cha upande wa Handeni, aliletwa kwetu na muuguzi. Ni mwanamke wa Kizigua, mkulima, hajafika miaka thelathini, mwembamba, mwenye macho yanayokutazama moja kwa moja. Binti yake alikuwa na miaka minane na alikuwa bado anabebwa mgongoni kwa kanga. Miguu ya mtoto ilining'inia mpaka karibu na magoti ya mama. Walikuwa wanapanda pikipiki mpaka barabara kubwa, kisha gari mpaka Korogwe, halafu anambeba kutoka stendi mpaka kwetu, kila Alhamisi. Akifika alikuwa anasimama kwanza kwenye kivuli cha ghala, ameinama, mikono magotini, akingoja pumzi irudi ndipo anisalimie.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mtue kwanza."

Nilijua shida yake kwa sababu alinieleza siku ya kwanza bila kuzunguka. Kijijini kwao kulikuwa na mwalimu wa kike aliyekuwa tayari kumpokea yule binti darasani. Mtoto alikuwa na akili, maneno yake yalitoka polepole lakini yalitoka. Tatizo lilikuwa njia. Shule ilikuwa mbali, ng'ambo ya korongo, na njia ni mchanga na visiki. Walikwisha kupewa kiti cha magurudumu, kikazama mchangani siku ya kwanza, tangu hapo kuku wanatagia humo. Baba wa mtoto alikuwa na kibarua mjini Hale, akirudi nyumbani mara moja moja. Aliyebaki wa kubeba ni mama, na daktari alikuwa amekwisha kumwambia kwamba uti wake wa mgongo umechoka, akiendelea kubeba mzigo ule kuna siku hatainuka. "Nikishindwa mimi," aliniambia, "basi atakaa uani maisha yake yote, anaangalia mlango."

Wengine waliniuliza kwa nini tusiwapeleke farasi huko Handeni badala ya kumsumbua mwanamke yule. Jibu ni mbung'o. Kuna mapori upande ule ambayo mbung'o hawajaisha, na farasi akiumwa ugonjwa wao hachukui muda, anakonda huku unamwangalia na anakufa. Punda wanavumilia zaidi. Kwa hiyo ilibidi aje yeye, na mimi nilijisikia nina deni kwake kila nilipomwona ameinama pale kivulini.

Miezi minne mtoto alisonga mbele. Mwanzoni alikuwa analala juu ya shingo ya farasi kama nguo iliyoanikwa. Baadaye akawa anainua kichwa kuhesabu miti. Kisha ikafika Alhamisi akakaa mzunguko mzima, mgongo wake ukiyumba lakini umesimama, na mama yake kule kwenye benchi akajifunika uso kwa upande wa kanga. Sikumwuliza analia nini. Sikumwuliza mambo mengi, na hilo nalijutia mpaka leo. Kwa mfano, sikumwuliza kama nyumbani kwao kuna mnyama yeyote.

Siku ninayotaka kuieleza, msaidizi mmoja alikuwa amekwenda msibani na mwingine alikuwa na homa. Tulibaki mimi na mzee. Sheria ilikuwa wazi: kiongozi mmoja, watembea kando wawili, bila hivyo hakuna kupanda. Nilikuwa nimekwisha kuwarudisha wazazi wawili wa pale mjini kwa simu. Huyu wa Kwaluguru simu yake ilikuwa haipatikani, na saa nne akatokea, jasho likimtiririka. Mtoto alikuwa ametoka kuumwa malaria na viungo vilikuwa vimekaza tena.

Nilipaswa kumwambia hapana. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nikamwona alivyomtua binti yake, anavyojishika kiuno kwa mikono yote miwili, na maneno yakanishinda. Nikasema tutajaribu mzunguko mmoja, mzee ashike kamba, mimi nitembee upande wa kulia.

Mtoto alikuwa anateleza kushoto, upande usio na mtu. Tukasimama mara tatu. Hapo mama akainuka kwenye benchi, akapita uzio kwa mara ya kwanza, akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akanipa.

"Mwalimu, tumfunge. Mimi nimemfunga miaka minane, hajawahi kuanguka."

Alikuwa anasema kweli. Hakuna mama wa kwetu asiyejua hivyo: mtoto akifungwa, yuko salama. Sisi sote tuliletwa duniani na kukuzwa ndani ya fundo la kanga, na hata mimi na vyeti vyangu, mkono wangu uliipokea ile nguo kabla akili haijasema neno. Nikaizungusha kiunoni mwa mtoto, nikaipitisha kwenye kishikio cha mbele cha tandiko, nikafunga. Fundo zuri kabisa. Mzee alinitazama.

"Mama, na hiyo?"

"Mzunguko mmoja tu," nikamwambia, kwa ile sauti yangu ambayo hamna mtu anayeijibu.

Tukafanya mizunguko sita. Mtoto alikaa wima, akacheka, akamwita mama yake aone. Farasi alitembea kwa adabu zake zote. Hakuna kilichotokea. Nilifungua kanga, nikamrudishia mwenyewe, akanishukuru kwa mikono miwili, na mimi nikaenda kunywa chai nikijiona mtu mwenye huruma.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Nyingine pia hakuja. Nikasema labda ni mvua, maana mahindi yalikuwa yanahitaji palizi. Kisha jirani yake akanipigia kwa simu ya mtu mwingine. "Mwalimu, tuko hospitali. Punda alimlalia mtoto."

Mambo yaliyotokea nilikuja kuyapata kipande kipande. Kumbe nyumbani kwao walikuwa na punda jike wa kubebea maji, na kumbe tangu mwanzo yule mama alikuwa anakuja kwetu na mpango wake kichwani. Kila Alhamisi pale kwenye benchi alikuwa hasinzii wala hasogoi na wenzake. Alikuwa anasoma. Alikuwa anatazama namna tunavyomweka mtoto, namna tunavyomshika mnyama, ili siku moja ampandishe binti yake punda na kumpeleka shule. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtia hofu, kwamba hana watu wa kutembea kando. Siku alipoona mwalimu mwenyewe anafunga kanga, hofu ikaisha.

Akatandika magunia mawili juu ya punda, akamkalisha mtoto, akamfunga barabara kwa kanga kwenye kamba za kubebea madumu. Walikwenda vizuri mpaka karibu na kisima. Pale pana uwanda wa vumbi laini ambapo yule punda, kila akitolewa madumu, hujilaza na kugaagaa ili kujikuna mgongo. Ni raha yake ya kila siku. Siku ile hakungoja kutolewa mzigo. Aliinamisha kichwa, akanusa vumbi, akakunja magoti ya mbele.

Mtoto mwenye watu kando angevutwa pembeni. Huyu alikwenda chini pamoja na punda, mguu wa kushoto ukawa chini ya mbavu za mnyama. Angegeuka mara moja tu kumalizia raha yake, mtoto angekuwa chini yake mzima. Wanawake waliokuwa kisimani walimrukia punda kichwani na kumbana asigeuke, na mama akawa anahangaika na lile fundo, nalo lilivyovutwa lilikuwa limekaza halifunguki. Mwenye panga alikuwepo. Mama akalichukua, akaikata kanga pale pale kwenye tumbo la mwanawe. Aliniambia baadaye kwamba hakumbuki kukata, anakumbuka ubaridi wa panga tu.

Mfupa wa muundi ulivunjika. Mengine yote yalipona.

Nilipoingia wodini alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Binti alikuwa amelala, mguu ndani ya bandeji ngumu. Mama aliniona, akasimama.

"Shikamoo mwalimu. Nisamehe." Akainamisha kichwa. "Nilifunga kama ulivyofunga wewe. Nafikiri fundo langu halikuwa zuri."

Naandika haya nikiwa bado naona aibu. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli pale pale na sikuisema. Nilimshika bega, nikamwambia "Usijali, mshukuru Mungu, ni mzima." Nikaacha machungwa mezani, nikatoka. Nilimwachia alale na kosa langu.

Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa bibi, kumpa taarifa. Alinisikiliza akikunja kitambaa. Nilieleza habari za punda, kisima, panga, nikaeleza vizuri sana. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Huyu mama, nani alimfundisha kufunga?"

Mzee alikuwa amekuja nami, amesimama mlangoni. Alitazama barabarani. Angeweza kusema, kwa kuwa aliona kwa macho yake, na mimi kwa miaka mingi nimemkaripia kwa makosa madogo kuliko hilo. Hakusema. Alinisitiri, na kule kunisitiri kwake kulinichoma kuliko kama angenisema mbele za watu. Nikamwambia bibi, "Mimi." Bibi akaweka kitambaa chini. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi yeye anajua?"

Kesho yake nilirudi wodini. Nilimkuta anamlisha binti uji. Nilingoja amalize, nikamwomba tutoke barazani.

"Fundo lako lilikuwa zuri," nikamwambia. "Kosa si fundo. Kosa ni kufunga. Mtu hafungwi juu ya mnyama, na mimi nilijua hivyo tangu siku ya kwanza niliyojifunza kazi hii."

Wagonjwa walikuwa wanapita, muuguzi akapita na toroli.

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Sasa kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ulikuwa umetoka mbali. Mgongo unakuuma. Sikutaka urudi bure."

"Ungeniacha nirudi bure," akasema.

Hakupandisha sauti. Nilidhani ataingia ndani na asinitazame tena, na haki hiyo alikuwa nayo. Badala yake aliendelea kusimama, anang'oa nyuzi kwenye pindo la kanga nyingine aliyojifunga.

"Yale mengine," akasema, "unayowaambia wale wasaidizi wako Jumatatu. Nasikia una masomo. Sisi wenye watoto hutuambii kwa nini?"

Nilitafuta jibu. Lililokuwepo ni kwamba mama mmoja aliwahi kupiga yowe, basi nikawatoa wote nje ya uzio. Nililisema hivyo hivyo lilivyo, na nilipolisikia kwa masikio yangu lilikuwa halina miguu.

"Mguu ukipona," akasema, "utakuja nyumbani. Huyo punda ndiye niliye naye. Nifundishe kwa huyo, na unifundishe yote."

Wiki hiyo hiyo niliwaingiza wazazi ndani ya uzio. Niliwafundisha kama wasaidizi: kumkaribia farasi begani, kusoma masikio, kushika kamba, kumshusha mtoto haraka kama kuna hatari. Nilianza somo la kwanza kwa kuwasimulia nilichofanya. Baba mmoja alitikisa kichwa waziwazi. Nilimwacha atikise.

Mtoto alipofunguliwa bandeji na daktari akasema anaweza kukalishwa juu ya mnyama tena, mimi na mzee tukaenda Kwaluguru. Nilibeba kofia ngumu na blanketi nene la farasi. Nilijiona nimejiandaa. Punda akanidhalilisha ndani ya nusu saa. Nilimvuta, akaweka miguu chini kama nguzo. Nilimsukuma, akanipuuza. Farasi akiogopa anakimbia. Punda akiogopa anasimama na kufikiri, na hakuna kelele zangu zinazomfikia akiwa anafikiri. Mzee alikuwa ameegemea mti wa uani, anajitahidi asicheke.

"Mama, huyu hakusoma," akasema. "Ngoja niongee naye mimi."

Ndipo nilipogundua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nimemfundisha mambo ya farasi na sikuwahi kumwuliza anajua nini. Alituonyesha dalili za punda anayetaka kugaagaa: pua inashuka chini, anazunguka mahali pamoja, anaparua kwa mguu wa mbele. Ukiona hivyo unamwinua kichwa na kumtembeza mbele bila kusita. Bora zaidi, unamwacha agaagae kwanza asubuhi mpaka atosheke, ndipo umtandike. Na usimpitishe penye vumbi lake kabla hajazoea kwamba mzigo huu si madumu. Yule mama alikuwa anauliza maswali mpaka mzee akaomba maji ya kunywa.

Jirani mmoja na dada wa mume walikubali kuwa watembea kando. Siku za kwanza tulipandisha kiroba cha mahindi na kukivalisha kofia, watoto wa kijiji wakafa kwa kucheka. Tulitembea na kiroba mpaka shule na kurudi. Mara mbili kilianguka, na mara zote mbili mama alikuwa wa kwanza kusema kwa nini: mara moja jirani aliachia paja ili apunge mkono, mara nyingine mimi mwenyewe nilichelewa kukaza mkanda. Alinisema bila kupepesa macho. "Mwalimu, hukurudia kuukaza." Nikaomba radhi, nikaukaza.

Siku ya kumpandisha binti, mtoto alimtazama punda na kuanza kutetemeka. Hatukumlazimisha. Alikaa karibu naye uani asubuhi nzima, akimpa mabua. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu akanyoosha mikono mwenyewe apandishwe, na mama yake akamwinua. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwinua peke yake.

Tuliondoka mapema. Punda alikuwa amekwisha kugaagaa na kukung'utwa. Mama alishika kamba, akatembea usawa wa bega la mnyama. Jirani alikuwa kushoto. Mimi nilichukua upande wa kulia siku hiyo ya kwanza, mkono juu ya paja la mtoto, na mzee akafuata kwa mbali. Hakukuwa na fundo lolote mahali popote. Mtoto aliyumba kwenye mteremko wa korongo, akajishikilia, akarudi katikati. Tulipopanda ng'ambo, paa la shule likaanza kuonekana, akawa ananong'ona hesabu ya miti.

Mimi nilikuwa namtazama mama. Mgongo wake ulikuwa mtupu. Kwa miaka minane haukuwahi kuwa mtupu akiwa njiani na binti yake, na yeye alikuwa hajui. Alikuwa anatembea ameinama vilevile, kiuno kimekunjwa, mkono usio na kamba umepinda nyuma, unashikilia matako ya mtoto asiyekuwepo.

Binti naye aliona, kwa kuwa sasa alikuwa juu kuliko sisi wote. Aliacha kuhesabu. Akatafuta neno, midomo ikahangaika nalo.

"Mama," akasema. "Nyooka."

Mama aligeuka, akatazama juu, kisha akautazama ule mkono wake wa nyuma. Akautoa pale taratibu, akaushusha ubavuni. Halafu akajaribu kunyooka. Ilimchukua hatua nyingi, na tulipofika kwenye uwanja wa shule alikuwa bado hajamaliza.